Kitanda Si Dawa ya Moyo



Wasomaji wetu watukufu, katika mitaa yetu ya pwani si jambo geni kuingia nyumba ya jamaa ukaiona mashine ndogo ya kupimia sukari imewekwa juu ya kabati, kando ya msahafu na tasbihi. Maradhi ya sukari tumekwisha kuyazoea, na presha tumeizoea zaidi. Tunajua majina ya vidonge kama tunavyojua majina ya viungo vya pilau. Lakini liko jambo moja ambalo halizungumzwi katika mabaraza yetu wala katika shughuli zetu za kina mama. Mtu mwenye sukari akipatwa na mshtuko wa moyo, kisha Mwenyezi Mungu akamnusuru na kumrudisha nyumbani, afanyweje? Hospitali tunaijua, na dua twaijua. Baina ya viwili hivyo imo tiba ya tatu ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia, nayo ni tiba ya kuurejeshea moyo nguvu zake. Twaiandikia leo kwa sababu tumeishi nayo kwa muda wa miezi kumi na mmoja, sisi mabinti watatu pamoja na mke wa ndugu yetu, katika nyumba ya mama yetu hapa Mombasa.

Mama ana umri wa miaka 63, na miaka 17 katika hiyo ameishi na sukari. Tangu tukiwa wadogo amekuwa akiwasomesha watoto wa mtaa Qur'ani katika chumba cha juu cha nyumba yetu, chumba ambacho hufikiwa kwa ngazi kumi na sita za mbao zilizosimama wima kama ilivyo desturi ya nyumba za Mji wa Kale. Mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alianza kutokwa na jasho jembamba, kichefuchefu kikamshika, na akawa anatweta kama aliyekimbia ilhali ameketi mkekani. Hakushika kifua wala hakulalamika maumivu. Alisema ni tumbo na uchovu. Tulimpeleka hospitali kwa sababu ya ile pumzi tu, na huko kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo umeziba.

Hilo ni somo la kwanza ambalo twapenda kila nyumba ilishike. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi hudhoofisha mishipa ya fahamu, hata ile inayopeleka habari za maumivu kutoka moyoni. Kwa hiyo mwenye sukari aweza kupatwa na mshtuko wa moyo bila kifua kumuuma. Huenda akaona pumzi kumpungukia, jasho la ghafla, kichefuchefu, au uchovu usio na sababu. Kwa wanawake pia dalili za namna hii hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, nao ndio wenye tabia ya kusema, “Nitapumzika kidogo, yataondoka.” Mwanamke mwenye sukari ana sababu mbili za kutosubiri.

Mama alifunguliwa mshipa wake kwa kuwekewa stenti, yaani springi ndogo ya waya inayouacha mshipa wazi, na kwa rehema za Mola akaruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku sita. Hapo ndipo mtihani mwengine ulipoanza. Jamaa walifurika kama ilivyo ada yetu njema. Shangazi yetu alileta mto wa pamba laini. Dada yake mama alikuja na chupa ya asali na pakiti ya habbat sauda, akausia kwamba mgonjwa asinyanyue hata bilauri. Kila aliyeingia alitoa wasia ule ule, kwamba moyo umepasuka, uache utulie. Kitanda kilisogezwa karibu na dirisha, na mama mwenyewe, aliyekuwa amezoea kuamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akawa amelazwa kama yai. Hatukuwa na la kuwajibu wale wazee wetu waliotupenda, isipokuwa karatasi moja tuliyopewa hospitalini, iliyoandikwa kwamba mgonjwa huyu aanze kutembea leo, na kesho aongeze.

Ajabu ni kwamba wazee wetu hawakuyabuni mawazo yao. Hata madaktari wakubwa wa ulimwengu waliwahi kuamini vivyo hivyo. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa kitandani kwa wiki sita au zaidi, na wengine hawakuruhusiwa hata kujilisha. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston huko Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika habari za wagonjwa waliowaketisha kitini mapema badala ya kuwalaza, wakaona kuwa kiti hakikuwadhuru bali kiliwafaa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipopatwa na mshtuko wa moyo, daktari wake Paul Dudley White alimhimiza arudi taratibu katika kutembea na kufanya kazi. Rais yule alirejea kazini, akagombea tena na akashinda. Tangu hapo elimu ya utabibu imekuwa ikienda upande mmoja tu. Kulala sana huganda damu miguuni, hulegeza misuli, huleta maji mapafuni, na humfanya mtu auogope mwili wake mwenyewe.

Tiba hii ya kurejesha nguvu si mazoezi peke yake. Ina nguzo kadhaa zinazotegemeana. Yako mazoezi yanayopimwa kwa uangalifu na kuongezwa hatua kwa hatua. Iko elimu ya maradhi na ya dawa. Uko usimamizi wa chakula, sukari, presha na mafuta ya damu, na kuacha tumbaku kwa wanaoitumia. Na iko huduma ya roho, kwa sababu baada ya mshtuko wa moyo watu wengi huingiwa na huzuni na hofu. Katika nchi nyingi tiba hii huendelea kwa muda wa wiki 12 hivi chini ya wataalamu, kisha mtu huendelea nayo maisha yake yote. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 63 yaliyohusisha zaidi ya wagonjwa 14,000. Wakaona kwamba waliopewa tiba hii ya mazoezi walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa uchache wa takriban robo moja kuliko wasiopewa, na waliorudishwa kulazwa hospitali pia walipungua. Umri umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala hatusemi kinyume cha hayo. Lakini kutafuta sababu ni katika dini yetu.

Basi kwa mwenye sukari faida ni maradufu. Msuli unapofanya kazi hufungua milango yake na kuivuta sukari kutoka damuni hata kama insulini ya mwili ni dhaifu. Athari hiyo hubakia kwa siku moja, pengine mbili, ndiyo maana mgonjwa husisitizwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Pamoja na hayo, wenye sukari na wanawake ndio wanaojulikana kuihudhuria tiba hii kwa uchache zaidi, na katika bara letu la Afrika vituo vyake ni haba. Sababu moja kubwa ni hofu. Mwenye sukari aogopa kuanguka, aogopa miguu yake, aogopa kuhangaisha watoto. Nasi watoto twaogopa kwa niaba yake.

Hospitali yetu haikuwa na kituo maalumu cha kazi hii. Ilikuwa na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia, mwanamke, aliyetuagiza tumpeleke mama mara moja kwa wiki, na siku nyengine tufanye nyumbani. Kabla ya yote alihakikisha kwamba daktari amepiga picha ya moyo na kumtembeza mama akiwa anapimwa, ili ijulikane kiasi anachoweza. Twasisitiza hili: asianze mtu mazoezi baada ya mshtuko wa moyo kwa kusoma gazeti, hata liwe gazeti letu hili. Aanze kwa idhini ya daktari wake. Wako ambao kutembea nyumbani kunawatosha, na tafiti zimeonyesha kuwa kwa wasio katika hatari kubwa, mazoezi ya nyumbani yenye usimamizi hufaa sawa na ya kituoni. Wako pia ambao mioyo yao ni dhaifu mno kiasi cha kuhitaji kuangaliwa kwa mashine.

Wiki ya kwanza mama alitembea uani dakika tano, asubuhi na jioni, kutoka kisimani hadi mlango wa jikoni na kurudi. Wiki ya pili dakika nane. Kila mara alianza kwa mwendo wa polepole na kumaliza kwa mwendo wa polepole, kwa kuwa moyo haupendi kushtuliwa wala kusimamishwa ghafla. Tulitaka kuhesabu mapigo ya moyo wake, lakini yule mtaalamu akatuambia kwamba mapigo si mizani ya kutegemewa kwa mama. Ziko dawa za moyo zinazoyapunguza mapigo, na tena sukari ya miaka mingi huvuruga mishipa ya fahamu inayoyaongoza. Badala yake alitufundisha kipimo alichokibuni mtaalamu wa Uswidi aitwaye Gunnar Borg. Mgonjwa hujiuliza mwenyewe kazi hii ni nzito kiasi gani, kuanzia 6, ambayo ni kama kuketi, hadi 20, ambayo ni kufikia mwisho wa nguvu. Mama aliambiwa abaki kati ya 11 na 13. Kwa wasiopenda hesabu iko njia nyepesi: aweze kuzungumza anapotembea, lakini asiweze kuimba kaswida. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kuzungumza, apunguze.

Sasa tuje kwenye sukari yenyewe, maana hapo ndipo penye hatari ambayo mgonjwa wa moyo asiye na sukari hana habari nayo. Mama alipima kabla ya kila zoezi. Tuliambiwa kwamba kwa mtu anayetumia insulini, au vidonge vya aina ile inayoisukuma kongosho itoe insulini, sukari ikiwa chini ya 5 ale kitu kidogo kwanza kabla ya kutembea. Ikizidi 14 na akajihisi vibaya au ana kiu kali, asifanye mazoezi, na daktari aarifiwe. Ikishuka chini ya 4, ni dharura ya nyumbani: aketi, anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu bilauri ya juisi tamu, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Tende tatu ndogo pia zafaa. Haluwa na kaimati hazifai kwa kazi hiyo, kwa sababu mafuta yaliyomo huchelewesha sukari kuingia damuni. Tena ijulikane kuwa sukari yaweza kushuka saa nyingi baada ya mazoezi, hata usiku wa manane, hivyo aliyetembea sana jioni asilale bila kupima.

Hatukuyachukulia maneno hayo kwa uzito wake kamili mpaka asubuhi moja ya wiki ya tatu. Mama alikuwa amemeza kidonge chake cha sukari, kisha hamu ya chakula ikamkosa, akala kipande kidogo cha mkate na kutuficha kilichobaki. Katikati ya uani alisimama, uso umemrowa jasho, akasema kwa sauti ya chini, “Wanangu, ni moyo tena.” Kila mmoja wetu alisikia damu ikimganda. Tulimketisha, tukampima, mashine ikasoma 3.4. Tulimpa maji ya sukari, na baada ya robo saa ikawa 5.1, na uso wake ukarudi. Haukuwa moyo. Baadaye mtaalamu alitueleza kwamba dawa zile za kupunguza mapigo ya moyo huficha dalili nyengine za kushuka kwa sukari, kama moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, lakini jasho haliwezi kufichwa. Kwa hiyo katika nyumba yenye maradhi haya mawili, jasho la ghafla lisipuuzwe. Pima sukari mara moja. Ikiwa sukari ni nzuri na hali bado ni mbaya, basi ni safari ya hospitali bila mashauriano marefu. Daktari naye alipopewa habari zile alibadilisha kipimo cha kidonge, kwa kuwa mwili unaotembea kila siku hauhitaji dawa ile ile iliyohitajiwa na mwili uliokuwa umelala.

Miguu nayo ina haki yake. Sisi watu wa pwani twapenda kutembea pekupeku majumbani, na ndara ndiyo viatu vyetu. Mwenye sukari aliyepoteza hisia za nyayo aweza kukanyaga msumari asijue. Mama alinunuliwa viatu vilivyofunga, vyenye nafasi ya vidole, na soksi za pamba zisizobana. Kila usiku mmoja wetu humwangalia nyayo na baina ya vidole, kwa kurunzi, na kumpaka mafuta isipokuwa baina ya vidole. Na baada ya udhu miguu hukaushwa vizuri, maana majimaji baina ya vidole huleta fangasi, na fangasi hufungua mlango wa kidonda.

Macho vilevile. Mwenye sukari ambaye mishipa ya macho yake imeharibika sana hukatazwa kunyanyua vitu vizito kwa kujikamua, na huenda akakatazwa kuinamisha kichwa chini. Hapa linaingia suala la sala, na mama alilisikitikia kabla hata ya kupimwa. Alhamdulillah, daktari wa macho alimkuta yuko salama, akaruhusiwa kusujudu kama kawaida, ila ainuke polepole kwa sababu dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Wasiopata ruhusa hiyo, na waliopasuliwa kifua ambao hawaruhusiwi kujisukuma kwa mikono mpaka mfupa uunge, wasijitese. Sheria yetu imempa asiyeweza kusimama ruhusa ya kusali ameketi, na asiyeweza kuketi kusali amelala. Mwenye kuitumia ruhusa ya Mola wake hapungukiwi na kitu.

Jikoni ndiko kulikotupa kazi kubwa zaidi, maana chakula chetu ni heshima yetu. Hatukuupiga marufuku wali wa nazi. Tuliupima. Sahani ya mama sasa nusu yake ni mboga, kama mchicha, bamia au kachumbari. Robo ni samaki, kuku asiye na ngozi au kunde, na robo iliyobaki ndiyo wali, ugali au muhogo. Kasimile tumeiacha, tukabaki na tui jepesi, na si kila siku. Samaki wa kuchoma kwa ndimu na kitunguu thaumu amechukua nafasi ya samaki wa kukaanga. Mahamri ni ya Ijumaa, moja tu, pamoja na mbaazi. Kahawa chungu imebaki, lakini haluwa inayofuatana nayo imepungua ikawa kipande cha ukucha. Chumvi tumeipunguza, na ukwaju na pilipili vimeziba pengo lake. Ama ile asali ya dada yake mama, tulimweleza kwa adabu kwamba asali ni neema na imetajwa kwa sifa, lakini kwa damu ya mwenye sukari ni sukari vilevile, na kijiko chake chapaswa kuhesabiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi nitawaletea samaki.” Akawa analeta kila Jumatano.

Dawa za moyo hatukukubali ziguswe. Aliyewekewa stenti hupewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, na kuziacha bila amri ya daktari kwaweza kuziba stenti ghafla. Wapo wanaoziacha baada ya mwezi kwa kuwa wamejihisi wazima, au kwa kuwa wamepata kikombe cha dawa ya miti shamba. Wazima huo waliouhisi umeletwa na zile zile dawa wanazoziacha.

Lakini kilichotutisha zaidi ya sukari na chumvi kilikuwa ukimya wa mama. Katika mwezi wa pili alikuwa akifanya yote aliyoagizwa, ila bila furaha. Watoto wa chuo walikuja hadi mlangoni kumwamkia, naye akageuka ukutani. Usiku mmoja alimwambia mkubwa wetu kwamba yeye sasa ni mzigo wenye mashine. Huzuni ya namna hii baada ya mshtuko wa moyo ni jambo linalojulikana kitabibu, na haitokani na upungufu wa imani. Isipotibiwa humfanya mgonjwa aache dawa na mazoezi. Yule mtaalamu aliuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kumwuliza mama: “Bi mkubwa, ukipata nguvu wataka kufanya nini?” Mama hakufikiri. Alisema, “Nataka kupanda ngazi zangu nikakae na watoto wangu wa chuo.” Kuanzia siku ile mazoezi yakawa na mahali yaendako. Aliongezewa ya kuimarisha miguu mara mbili kwa wiki, kama kuinuka kitini bila kushika mikono mara nane, kupumzika, na kurudia, na kupanda kidaraja kimoja na kushuka. Kujikamua na kuzuia pumzi kulikatazwa.

Jengine lililomliwaza ni wenzake. Mwanamke wa makamo katika mtaa wetu haoni uzito kutembea kwenda kwenye maziko au harusini, lakini akitembea kwa ajili ya afya yake huona haya. Tulipojua hilo tuliwaomba majirani wanne, nao wana sukari au presha, wafuatane naye. Leo kina mama hao hutoka baada ya Alfajiri, wakati jua halijawa kali, wakiwa na buibui zao na viatu vilivyofunga, wakapita Kibokoni hadi Ngomeni na kurudi. Siku ya Jumapili huenda ufukweni Mama Ngina. Mmoja wao huwa na mfuko wenye sukari, maji, mashine ya kupimia na kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Kwa mjane aliye edani, au mwenye nyumba isiyo na wa kufuatana naye, ua au sebule ndefu yatosha. Lengo la wataalamu ni dakika 150 kwa wiki, na dakika hizo haziulizi zimetembewa wapi. Hata dakika kumi baada ya chakula hupunguza kupanda kwa sukari.

Imebaki habari ya Ramadhani. Iliingia miezi miwili tu baada ya mshtuko wa mama, naye hakuwahi kuacha kufunga tangu alipobaleghe isipokuwa kwa udhuru wa uzazi na wa kila mwezi. Daktari alimkataza wazi, kwa kuwa mwenye sukari aliyepatwa na maradhi ya moyo hivi karibuni huwekwa katika kundi la hatari kubwa. Mama alilia kuliko alivyolia hospitalini. Tulimwita ustadhi wa mtaa, akamkumbusha kwamba ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Sura ya Al-Baqara, katika aya zile zile zilizofaradhisha saumu. Alimweleza pia kwamba mwenye kutarajia kupona hulipa baadaye, na asiyetarajia hulisha maskini kwa kila siku, na kwamba hukumu ya mmoja si ya mwengine, bali huulizwa daktari na mwanachuoni pamoja. Mama alichagua kupika. Kila jioni alisimamia chungu cha uji na sahani za futari zilizopelekwa kwa jirani mwenye mayatima, na kusimama huko jikoni, tulikuja kutambua, kulikuwa ni mazoezi vilevile. Tunapoandika haya tumo katika mfungo tisa. Daktari ameahidi kumpima upya mwezi wa Rajabu, nasi hatujui atasema nini. Mama amekwisha kusema kwamba atakubali jibu lolote, ila tumwache alisikie mwenyewe kwa masikio yake.

Ngazi alizipanda katika mwezi wa tano, mmoja wetu nyuma yake na mwengine mbele, akapumzika mara mbili. Sasa hupumzika mara moja tu, katika ngazi ya tisa. Siku tatu kwa wiki sauti za watoto husikika tena juu, na siku zilizobaki husomeshwa na binti yake mdogo. Si mama yule wa zamani, wala hatukuahidiwa hivyo. Amepewa nguvu za kutosha kazi anayoipenda, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Basi enyi ndugu na dada zetu, akirudi nyumbani kwenu mgonjwa wa moyo mwenye sukari, ulizeni kabla hamjatoka hospitali: je, ataanza lini kutembea, kwa muda gani, na nani atamwangalia? Ulizeni sukari yake iwe kiasi gani kabla ya mazoezi. Akipata maumivu ya kifua, pumzi kumpaa, kizunguzungu au jasho la ghafla, asimame na aketi, apimwe sukari, apewe kidonge chake cha chini ya ulimi kama ameandikiwa na hana kizunguzungu, na yasipoondoka katika dakika tano apelekwe hospitali bila kungoja kuche. Nanyi wageni mnaokuja kumjulia hali, mleteeni matunda badala ya maandazi, na mkimaliza dua mshikeni mkono mtembee naye hadi mlangoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowahudumia, na awarehemu waliotangulia. Amin.